Wanga Kwenye Ukosi

Dobi aliutia wanga mara mbili ukosi wa shati la kaka yake, kama alivyofanya kila wiki kwa miaka mingi. Mashati ya wateja wengine aliyatia kiasi. La kaka yake likikauka, ukosi ulisimama kama ubao na kumkwaruza shingo kutwa nzima. Hakuwahi kuuliza kwa nini. Wala hakuwahi kulipa.

"Leo usimfanyie hivyo, mama," alisema binti yake, aliyepiga magoti kwenye kona akikaza soketi kwa bisibisi. "Leo tunamhitaji."

"Leo ndiyo kabisa," Dobi alijibu, akakandamiza pasi mpaka mvuke ukafoka.

Vyuo vilikuwa vimejibu. Kile kikubwa chenye geti la chuma, alikosoma kaka yake, kilitoa nafasi bila ufadhili wowote. Kile kidogo cha upande wa pili wa mji kilitoa nafasi na ufadhili wa nusu ya ada. Nusu iliyobaki ilitakiwa ilipwe leo, la sivyo nafasi apewe mwingine. Mama na binti walikuwa wamezipiga hesabu hizo mpaka zikawachosha. Pasi na bisibisi viliweza kuilisha nyumba. Ada, hapana.

Ndipo Dobi akampigia kaka yake simu. "Kuna mtu amepata chuo hapa nyumbani," alimwambia. "Njoo tushauriane." Hakuongeza neno. Kisha akamwita shangazi yao, kwa sababu ndiye pekee aliyebaki hai kati ya wazee waliokuwapo siku ile.

Siku ile, marehemu baba yao alikuwa na uwezo wa kumpeleka chuo mmoja tu. Dobi ndiye aliyekuwa akimfanyia kaka yake hesabu za shule, lakini aliyechaguliwa ni kaka. "Usijali, baba," kaka alitamka mbele ya wote. "Nikimaliza, nitamsomesha anayefuata." Akaondoka na mashati aliyopigiwa pasi na dada yake, akarudi akiwa mhasibu. Ahadi haikurudi naye.

Sasa Mhasibu aliingia akijikuna shingo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umenenepa."

Mhasibu akamtazama mpwa wake aliyevaa suruali ya kazi yenye mifuko kila mahali. "Na wewe, bado unachezea nyaya?"

"Nalipwa kuzichezea, mjomba."

Mhasibu akaketi kwenye kiti pekee chenye mto. "Haya. Masomo gani?"

"Uhasibu," Dobi alisema.

"Ehee! Kumbe kuna mtu kanifuata!"

"Hesabu ziko kwenye damu, kaka."

Akaelezwa habari ya vyuo viwili, naye akatoa simu na kuanza kubonyeza kikokotoo kama anakikanya. "Kile kikubwa kisahauni. Mtakula geti? Chukueni hiki chenye ufadhili. Na hata hiki, kwa hali yenu, ni mzigo. Kwani kuna haraka gani? Asubiri mwaka mmoja, miwili. Afanye kazi, ajiwekee akiba."

Pasi ya Dobi ilisimama. Alijua ladha ya neno hilo, asubiri. Aliwahi kuambiwa kwa sauti hiyohiyo, katika nyumba nyingine, na baba akiitikia kwa kichwa.

"Asubiri mpaka lini?" Shangazi alidakia. "Nilikuwapo ulipoahidi. Au sikio langu hili moja lililobaki nalo linanidanganya?"

"Nilikuwa kijana, shangazi."

"Vizuri. Kijana kaahidi, sasa mzee alipe."

Dobi hakuinua macho. Aliipitisha pasi juu ya mfuko wa shati, akarudia palepale, akarudia tena, mpaka kitambaa kikaanza kunuka moto. Kaka yake akisema hapana, basi ndiyo imekwisha, na safari hii hapatakuwa na nafasi ya tatu.

Mhasibu akacheka kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. "Haya, haya. Nusu iliyobaki nalipa mimi. Kila mwaka, mpaka amalize."

"Semea upande huu," Shangazi alimgeuzia sikio zima.

Akarudia kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia. Binti akamtajia namba ya akaunti ya chuo, naye akatuma papo hapo, kwa madaha, akihakikisha kila mtu anaona. Simu ikalia. Pesa imefika.

"Ila nina sharti," alisema, akimnyooshea mpwa wake kidole. "Jasho langu si la kuchezewa. Nisije nikasikia mwaka wa kwanza haujaisha, mtu ana mimba."

Binti akainamisha uso. Mabega yakaanza kumtikisika. Mhasibu akaona amemliza, moyo ukamlainika, akanyoosha mkono. "Basi, mpwa wangu, basi. Njoo unishukuru."

Binti akasimama, machozi yakimtoka, kumbe ni ya kicheko. Akaupita ule mkono, akazunguka meza, akaichukua pasi mkononi mwa mama yake.

"Lete nimalizie, mama. Wewe wahi, wanafunga usajili saa kumi."

Dobi akavua aproni. Akamkabidhi kaka yake shati, ukosi ukiwa umesimama wima.

"Asante, kaka," alisema. "Na habari ya mimba, lala usingizi. Kwa umri wangu huu, hata mimi ningeshangaa."