Kivuli cha Mwazani

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye tangazo letu la sabuni ni kivuli cha mtoto. Vivuli vyetu sisi wakubwa vilielekea kulia, chake kushoto. Alitolewa kwenye picha nyingine, akabandikwa katikati yetu. Lakini sheria inajulikana: waliomo kwenye tangazo moja ni familia. Mwinshehe, mwanamume wa kwenye picha, akawa mume wangu, na mtoto huyo, Mwazani, akaletwa nyumbani.

“Nyamaza, mama Mwazani,” Mwinshehe huniambia. “Wenye tangazo wakijua picha ina kosa, watamchukua.”

Nikanyamaza. Leo nilikuwa namsuka nywele, akaitazama picha ukutani.

“Mama, mbona kivuli changu kimekwenda kwingine?”

Nikaweka kitana chini.

“Mwanangu, una mama mwingine, kwenye tangazo jingine. Mkono wake umeshika hewa.”