Chumba cha Leokadia

Siku hizi Dodoma kodi ya chumba haipandi, ilimradi jina la mpangaji lisibadilike. Nilikuwa mgeni, na mshahara wangu wa kwanza ulikuwa mdogo, nikakubali kuitwa Leokadia, jina la mpangaji aliyenitangulia.

"Na mama yake akipiga simu jioni, pokea," alisema mama mwenye nyumba.

"Leokadia mwenyewe yuko wapi?"

"Alihama." Hakunitazama.

Kanga zake zilikuwa bado kabatini, na simu yake mezani.

Simu ilipoita, niliamua kusema ukweli. "Shikamoo mama. Samahani, mimi si Leokadia."

"Marahaba. Najua, mwanangu. Wewe ni wa nne kuitikia jina lake. Nitajie jina lako halisi, niliandike. Wale watatu, mama zao bado wanawatafuta."

Mlango ukagongwa. "Leokadia, njoo ule," aliita mama mwenye nyumba.

"Abee," nikaitika, kabla sijalitaja jina langu.