Sifuri Kabla ya Mstari wa Kwanza

"Usiingie!" nilimpigia kelele Nermin mlangoni mwa lifti mpya. Kwenye karakana yetu hapa Aleksandria, aliyeandika programu ndiye hupanda wa kwanza. "Kasi ya mota hujaipa thamani ya kuanzia, bibie! Itakurusha hadi paani!"

"Kwani nimeitangaza wapi kwenye programu?"

Nikatazama kompyuta yake. Hiyo kasi ilikuwa imetangazwa juu kabisa, nje ya fanksheni zote, yaani vipande vya programu.

"Ikiwa huko nje, lugha ya C huipa sifuri kabla mstari wa kwanza haujatekelezwa. Ningeiweka ndani, ingeamka na takataka zilizobaki kwenye kumbukumbu, namba yoyote ile. Hapo ningekutanguliza wewe, ustadhi."

Akaingia na bilauri ya chai iliyojaa pomoni, akawasha umeme.

Nikaikodolea macho ile chai. Haikutikisika.

Nikaingia, nikasimama kando yake. "Haya, bonyeza."