Maziwa Yaliyochujwa

Miaka hiyo hakuna mtu wa Korogwe aliyethubutu kunywa maji kabla ya kuyachuja kwa nyuzi za katani zilizotiwa dawa. Nyuzi hizo zilinasa sumu ya viwandani, na zikiinasa ziligeuka nyeusi.

Mwanamke mmoja, Sikudhani, alikuwa na mtoto wa wiki sita asiyeongezeka uzito. Asubuhi moja alikamua maziwa yake, akayamimina juu ya nyuzi mpya. Zikawa nyeusi tii.

“Mama, tazama,” alimwita mkwewe. “Nimpe nini mwanangu?”

“Mpe hayo yaliyochujika.”

“Yamebaki maji matupu, mama. Nguvu yote imenaswa pamoja na sumu.”

Mtoto akaanza kulia kwa njaa. Sikudhani akafungua blauzi, akamnyonyesha, uso ameugeuzia ukutani.