Mama Maria Ndani ya Pipa la Mchele

Minda alimzamisha Mama Maria kwenye mchele mpaka kiunoni, akamwomba radhi, akafunika pipa.

"Nanay, atapumua?" Botyok, kitindamimba wake, alimuuliza mama yake.

"Ni sanamu, mwanangu," Minda alimnong'oneza mtoto. "Na wewe hujaona kitu."

Nje, wimbo ulikuwa umeshaanza kule mwisho wa kichochoro. Ilikuwa Oktoba, mwezi wa rozari, na sanamu ya Mama Maria ilikuwa ikihama nyumba hadi nyumba, wiki kwa wiki. Wiki ya Minda ilikuwa imekwisha. Sasa majirani walikuwa wanakuja na mishumaa yao wamchukue, wampeleke nyumba ya pili, kwa Rosalia.

Minda hakuwa tayari. Kabla ya wiki ile wanawe watatu walikuwa nyani waliovalishwa sare za shule. Karding alifuga chura kwenye sufuria ya wali. Tinay aling'ata wenzake. Botyok aliambiwa amwagilie maua, akayakojolea. Minda alitaka wakue wakisali, kama mama yake alivyomfundisha yeye juu ya mkeka uleule aliomrithisha, na alikuwa amejaribu kila njia. Si kwamba hawakumsikia. Muuza mikate wa kule kona alijua ni saa ngapi kwa kusikia tu ni mtoto yupi anaitwa.

Ndipo Mama Maria alipoingia, na Minda akaweka sheria moja: mbele ya Mama wa Mungu, hakuna kupaza sauti. Hata Minda mwenyewe.

Maajabu yakaanza. Jioni ikifika, watoto walipiga magoti bila kuburutwa. Karding aliongoza tendo la kwanza la rozari, chura akiwa mfukoni, kimya. Tinay alimwomba kaka yake msamaha bila mtu kumshika sikio. Botyok, ambaye siku zote alisema "Amina" mara tu samaki wakavu wanapoanza kunukia jikoni, sasa aliisubiri mpaka mwisho. Hata Delfin, mumewe, ambaye kila jioni hukumbuka kazi aliyoisahau gereji, alibaki nyumbani akipiga mluzi.

"Hii ni imani," Minda alikuwa amemwambia asubuhi ile. "Ndiyo kwanza inaota mizizi. Mama Maria akiondoka, tunarudi porini."

"Kweli kabisa," Delfin alijibu, upesi kuliko kawaida yake. "Aende wapi? Asiende popote." Kisha akavaa kandambili, akasema anakwenda kununua siki. Mpaka sasa hakuwa amerudi.

Halafu aende kwa Rosalia! Nesi wa zamu ya usiku, mwanamke wa ajabu. Mchana kutwa yuko dirishani kakumbatia mto, macho mekundu kama pilipili, salamu hana. Mama Maria atafanya nini kwa mtu wa namna hiyo?

Wimbo ukafika mlangoni. Minda akawapanga watoto mbele ya pipa.

"Mkiulizwa, semeni gauni lake limepelekwa kufuliwa."

"Na yeye mwenyewe je?" aliuliza Tinay. "Amelifuata?"

"Tinay."

"Kwani uongo si dhambi?"

"Ni dhambi. Tutaungama Jumamosi."

Akafungua mlango. Mbele alisimama Aling Pacing, kiongozi wa rozari, bibi asiyekubali udhuru hata wa mgonjwa. Nyuma yake kichochoro kizima: muuza mikate, kina mama na watoto wao mgongoni, na Rosalia mwenyewe, mto wake kwapani hata kwenye maandamano ya sala. Lakini leo Rosalia alikuwa amenawiri. Macho meupe pe. Alitabasamu.

Minda aliushika mkono wa bibi, akaugusisha kwenye paji lake la uso kwa heshima. "Aling Pacing, kuhusu lile gauni..."

"Usiseme neno, binti yangu. Tumekaa, tumezungumza. Mama Maria abaki hapa kwako."

Minda alishika mwimo wa mlango. "Wiki nyingine?"

"Tulikuwa tunafikiria mpaka Krismasi."

"Pasaka," alisema muuza mikate.

"Na zamu yangu nakupa wewe, dada," alisema Rosalia. "Ya mwaka huu na ya mwakani."

Machozi yakamtoka Minda. Kumbe nao walikuwa wameona!

"Mmewaona wanangu," alisema. "Mmeona imani ilivyoingia humu ndani."

Watu wakatazamana. Aling Pacing akakohoa.

Hapo Minda akamwona, nyuma kabisa, mtu anayejaribu kujificha nyuma ya mshumaa wake mwenyewe. Hakuwa na siki.

"DELFIIIN!"

Mbwa wakabweka kona mpaka kona. Vichanga wote wakaamka migongoni na kuangua kilio. Chura akaruka kutoka mfukoni mwa Karding, na mshumaa wa Aling Pacing ukazimika.

Botyok hakungoja kutumwa. Alikimbilia pipa, akamwinua Mama Maria, mchele ukimwagika, akaja akamsimamisha mbele ya pua ya mama yake.

Minda akameza mate.

"Delfin, mpenzi," alinong'ona, "siki iko wapi?"

Kichochoro kizima kikashusha pumzi. Rosalia akapenya katikati ya watu, akapiga magoti, akauweka mto wake miguuni pa Mama Maria, kama watu wanavyoacha magongo baada ya kuponywa.

"Asante, Mama," alimwambia. "Nimelala."