Sanamu za Mji wa Kale

Tangu Mji wa Kale ufanywe makumbusho, hakuna aliye hai anayeruhusiwa kukaa humo. Wakazi wake ni sanamu tu. Nilipanda ndege, nikakata tiketi kama mgeni yeyote, ili nikaione nyumba nilimozaliwa.

Barazani petu, sanamu za wazee wawili zilikuwa zikicheza bao, mmoja kainua kete. Mtembezaji akawapitisha watalii wenzangu moja kwa moja hadi ghorofani. Nani abishe hodi kwa sanamu? Lakini mimi nilipofika mlangoni, ulimi ukanitangulia.

"Hodi!"

"Karibu," ikajibu sauti kutoka jikoni.

Nikaifuata sauti ndani. Jikoni, juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ilikaa sanamu ya Shangazi Mwatime, ambaye tuliambiwa alikufa siku wakazi walipohamishwa. Machozi yalikuwa yakiitiririka mashavuni.

"Mishi, mwanangu, mbona umebisha hodi?" alinong'ona, midomo haitikisiki. "Hodi haiachwi bila kuitikiwa. Wakijua tunapumua, watatutoa."

"Shangazi! Mko wangapi?"

Hatua zikasikika ngazini. Shangazi akaganda.

Nikatoka mbio. Barazani watalii wengine walikuwa wakiwapiga picha wale wazee. Mkono uliokuwa umeinua kete sasa ulikuwa mtupu.

Nikatazama mbele, baraza baada ya baraza, zote zimejaa sanamu. Nikaupita mtaa mzima nimeuma ulimi, nisije nikatoa salamu wakaiitikia.