Njuga za Nasra

Tangu Nasra aanze kutembea, mama yake, Mwanahawa, alimfunga njuga mguuni. Mtoto akiitwa haitiki. Walau mlio ungemwambia mama alipo. Majirani walisema ni ukaidi tu.

Alipotimiza miaka mitano, daktari wa masikio alimpachika kifaa kidogo nyuma ya kila sikio, akakiwasha.

"Mama, mwite."

Mwanahawa alifumbua mdomo amwite, lakini mtoto alimtangulia.

Nasra aliteremka kitini. Njuga zikalia. Akageuka haraka kumtazama anayemfuata, asione mtu. Akapiga hatua, zikalia tena. Akainama, akautikisa mguu polepole, akamwangalia mama yake kwa macho makubwa, kama anayeuliza: kumbe ulikuwa unajua?

"Sasa unaweza kumfungua," daktari alisema.

Mwanahawa alipiga magoti, lakini Nasra aliuchomoa mguu, akatoka mbio. Njuga zilisikika zikienda, zikipungua, zikiukaribia mlango wa barabarani.

"Nasra!" mama aliita, kwa mazoea tu, huku akiinuka amkimbilie.

Kule mwisho wa ukumbi, njuga zikanyamaza.